Ng'arisha Jiji: maandishi ya 3D yaliyoziba matundu na kuacha nukta hewani

Kazi yenyewe inaonekana ndogo. Maneno mawili, Ng'arisha Jiji, yaingie kwenye skrini herufi moja moja kutoka juu, yatulie, mwanga uyapitie, basi. Sekunde 6. Ni ufunguzi wa video fupi kuhusu usafi wa mitaa ya Nairobi, zitakazopandishwa YouTube, kuchezwa kwenye skrini za ndani ya matatu, na pengine kukabidhiwa kituo cha runinga. Msanii wa uhuishaji ana chumba cha kukodi River Road, laptopu yenye RAM ya GB 8, na Blender 4.2, programu ya bure ya 3D. Amepewa siku mbili. Kisa hiki tumekiunda kwa ajili ya uchambuzi, ila hitilafu zilizomo ni zile zinazowapata wengi, na huwa zinafuatana hivyohivyo. Majina ya vitufe tumeyaacha yanavyosomeka kwenye programu, ili anayefuata akiwa na faili lake wazi asipotee.

Jaribio la kwanza lilipotumwa kwa WhatsApp, mteja alijibu: "Bosi, mbona nukta za i zinaning'inia hewani? Na hizo a zimeziba kama zimejazwa simiti. Halafu hii si dhahabu, ni kahawia."

Malalamiko matatu, na kila moja lina chanzo kinachopimika. Tuanze na simiti.

Herufi zilizoziba

Ukichagua maandishi yale na kufungua sehemu ya Geometry kwenye mipangilio yake, unakuta Extrude 0.15, Bevel Depth 0.06, Bevel Resolution 10 na Offset 0. Ukubwa wa maandishi ni 1. Msanii alitaka herufi nene kama zile zinazochorwa ubavuni mwa matatu, akavuta namba hadi jicho likaridhika.

Unene wenyewe hauna shida. Extrude husukuma herufi mbele na nyuma kwa wakati mmoja, kwa hiyo 0.15 ni 0.30, na beveli, yaani ukingo wa mshazari au mviringo, huongeza kina chake pande zote mbili. Jumla ni 2 × (0.15 + 0.06), yaani 0.42. Hilo macho yanalivumilia. Shida ni kwamba beveli ya maandishi katika Blender haikwangui pembe ya herufi kuingia ndani, inaijenga kwenda nje. Uso wa mbele hubaki na umbo la fonti, halafu ubavu hutokeza nje yake kwa kipimo cha beveli. Kila mshipa wa herufi, yaani mstari unaoiunda, ulinenepa kwa 0.06 kushoto na 0.06 kulia. Tundu la a kwenye fonti iliyotumika lina upana wa 0.14. Toa 0.12, inabaki 0.02, na kwenye skrini ya simu hiyo ni sawa na sifuri.

Dawa ni kuweka Offset, inayosogeza mstari wa herufi nje au ndani, iwe hasi kwa kipimo kilekile cha beveli. Beveli ikiwa 0.018, Offset iwe -0.018: ubavu unarudi palepale mstari wa fonti ulipo, na kinachopungua ni uso wa mbele. Extrude ilishushwa hadi 0.08, unene wote ukawa 0.196, na herufi bado zinaonekana nzito kwa sababu uzito wa herufi hutokana na uwiano wa mshipa na tundu lake kuliko kina. Offset hasi nayo ina kikomo. Ikizidi nusu ya mshipa mwembamba kuliko yote, mistari miwili ya mshipa huo inapishana na uso unapinduka ndani nje. Sisi hatupendi kuvuka robo. Katika fonti hii mshipa mwembamba kabisa ni pale upinde wa h unapoungana na mguu wake, 0.08, kwa hiyo 0.02 ndiyo dari.

Bevel Resolution ya 10 ilikuwa anasa tu. Ukingo wenye upana wa 0.018 hautofautishi 10 na 2 hata herufi ikijaza skrini nzima. Ukiweka 0 unapata mkato bapa, unaong'aa kwa mpigo mmoja; ukiweka 2 unapata mviringo unaoruhusu mwanga uteleze. Kwa dhahabu, 2.

Baada ya hapo a zilifunguka, lakini g na r zikabaki na kovu: kipande chembamba cheusi pale shina linapokutana na upinde. Hapa watu wengi huanza kuhangaika na taa, kumbe kosa liko ndani ya faili la fonti. Fonti nyingi za siku hizi, hasa zile zinazobadilika uzito ndani ya faili moja, huchora herufi kwa maumbo yanayolaliana: shina la r ni umbo moja, mkono wake ni umbo jingine, na yanapishana. Kwenye programu ya kuandikia barua huoni kitu, kwa sababu wino juu ya wino ni wino. Programu ya 3D inapojaza umbo hilo, eneo lililopishana linaweza kuhesabiwa kuwa ni tundu, au likatoa kuta mbili zinazokatana ndani ya herufi. Beveli huja kulianika.

Njia ya haraka ni kupakua toleo tuli la fonti hiyohiyo, faili moja kwa kila uzito, kwani mara nyingi matoleo hayo huwa yameshaunganishwa. Kama halipo, FontForge ni programu ya bure: fungua fonti, chagua herufi zote, nenda Element, kisha Overlap, kisha Remove Overlap, halafu Correct Direction, ndipo utoe faili jipya. Soma leseni kwanza. Fonti za leseni huria ya OFL zinaruhusu kurekebishwa, na mara nyingine hudai jina libadilishwe. Fonti za kununua mara nyingi haziruhusu kabisa.

Wapo wanaopitia Inkscape, programu ya kuchora: geuza maandishi yawe njia kwa Object to Path, tenganisha kundi, unganisha kila herufi kwa Union, hifadhi SVG (faili la mchoro wa mistari), kisha iingize Blender. Inafanya kazi, na umbo likiingia dogo mno kuonekana usishtuke, SVG huingia hivyo, likuze. Ila ukipita njia hiyo umeshapoteza maandishi. Yaliyobaki ni michoro, na mteja akibadili herufi moja unarudi Inkscape. Kisa hiki kitaonyesha kwamba mteja hubadili.

Ile alama ya ng'

Kabla ya kufika kwenye nukta, kuna kitu ambacho mteja hakukitaja ila kingeonekana vibaya kwenye skrini kubwa. Maneno yalinakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu, na kibodi za simu nyingi hubadili alama ya ng' bila kuuliza. Ilikuja alama iliyopinda upande usiofaa, ile inayofungua nukuu, tumbo likiwa chini na mkia ukielekea juu. Kwenye maandishi ya kawaida hakuna anayeona. Ikipewa unene wa 0.196 na kupakwa dhahabu, kila mwalimu wa Kiswahili atakayepanda matatu ataiona.

Iandike kwa mkono ndani ya Blender, usinakili. Alama iliyonyooka inakubalika, lakini katika fonti nene hugeuka kabari yenye ncha, na beveli huila ile ncha. Iliyopinda kwa usahihi, yenye umbo la mkato ulioinuliwa, ina mwili wa kutosha kubeba beveli, na ndiyo iliyochaguliwa. Halafu inabaki nafasi. Alama hii iko juu na chini yake pana uwazi, kwa hiyo g na a huonekana zimeachana kana kwamba neno limekatika. Ingia kwenye kuhariri maandishi kwa Tab, weka kishale kati ya alama na a, shika Alt na ubonyeze mshale wa kushoto mara chache hadi pengo lipungue. Usivute sana, mkia usiguse a, kwani vikigusana vitakuwa kipande kimoja na hatua ya kutenganisha itaharibika.

Tukiwa hapohapo: kama orodha ya majina mwishoni mwa video ina majina ya Kikuyu yenye ĩ na ũ, ijaribu fonti kabla ya kuahidi chochote. Andika ĩ ũ Ĩ Ũ ng' kwenye maandishi ya majaribio. Herufi ikikosekana utaona kisanduku, au herufi yenye sura ngeni katikati ya jina la mtu. Kwa jina la mtu, hilo si dogo.

Nukta

Sasa malalamiko ya kwanza. Msanii aligeuza maandishi kuwa meshi (umbo la nyuso zinazokutana kwenye kona ziitwazo vipeo) kwa Object, Convert, Mesh, akaingia kuhariri, akabonyeza P na kuchagua By Loose Parts, inayotenga kila kipande kisichoshikana na kingine. Alitarajia herufi 13. Hesabu: N, g, ile alama, a, r, i, s, h, a ni 9, J, i, j, i ni 4. Badala yake orodha ya vitu ilijaa vipande zaidi ya 50.

Sababu ni mbili na zimekaa moja juu ya nyingine. Ya kwanza: maandishi yakigeuzwa meshi, uso wa mbele, uso wa nyuma na ubavu huwa havijashonwa. Vipeo vimekaa mahali pamoja ila si kipeo kimoja. Kwa jicho ni herufi kamili. Kwa programu ni kofia mbili na pete katikati. Kabla ya kutenganisha chochote, chagua vipeo vyote kwa A, bonyeza M, chagua By Distance, acha kipimo cha 0.0001. Chini ya dirisha programu itakuambia imeondoa vipeo vingapi. Ikikuambia 0, angalia tena kama kweli ulichagua vyote.

Ya pili ndiyo iliyomchokoza mteja. Hata baada ya kushona, vipande ni 17, kwa sababu Ng'arisha ina i moja na Jiji ina i mbili na j moja ndogo, na kila nukta ni kisiwa chake. Msanii aliunganisha vipande vya ubavu na kofia kwa mkono, akachoka, nukta akazisahau. Shina likashuka, nukta ikabaki ilipoachwa. Kiswahili kimejaa i; mafunzo ya mtandaoni mara nyingi huandika neno moja kwa herufi kubwa, ambazo hazina nukta hata moja, na anayefuata hatua kwa hatua hakutani na tatizo hili mpaka aandike neno lake mwenyewe.

Kuzirudisha ni rahisi: chagua nukta kwanza, kisha shina ukishikilia Shift ili shina liwe la mwisho, bonyeza Ctrl+J. Mara nne. Kitu kilichochaguliwa mwisho ndicho kinachobaki na jina lake na kitovu chake (pale nafasi yake inapopimiwa), ndiyo maana mpangilio huo una maana.

Kuna njia ya nodi (visanduku vinavyounganishwa kujenga umbo hatua kwa hatua), na wengi watauliza kwa nini haikutumika. Nodi ya String to Curves hutoa kila herufi ikiwa nakala yake, nukta ikiwa pamoja na shina, bila kutenganisha kitu. Unaifuatisha Fill Curve, kisha Extrude Mesh ikiwa Individual imezimwa, kisha unasogeza nakala kwa Translate Instances ukitumia namba ya kila moja. Maandishi yakibadilika, mwendo unajipanga upya wenyewe. Kwa manukuu au majina ya vipindi 12 vinavyofuata, hatungefikiria njia nyingine. Kwa kichwa hiki kikubwa kuna vizuizi vitatu. Mviringo wa beveli haupatikani kirahisi: Bevel ya modifaya (athari inayowekwa juu ya umbo bila kuligusa lenyewe) juu ya herufi zenye vipeo vingi vya karibukaribu hukwama, kwani Clamp Overlap huizuia pale ukingo mfupi kuliko wote unapofikia mwisho. Pengo la ng' ulilolibana kwa Alt halifiki kwenye nodi, inabidi usogeze kwa namba kila nakala inayofuata alama ile. Na Extrude Mesh huacha mgongo wa herufi wazi. Ukijaribu kuuziba kwa kuunganisha nyuso zilizogeuzwa kupitia Join Geometry, idadi ya nakala inakuwa maradufu, na hesabu yako ya namba za herufi inavurugika. Kwa herufi 13, kuunganisha nukta nne kwa mkono ni kazi ya dakika chache.

Sharti ni moja: maandishi halisi yasiguswe. Yawekwe kwenye mkusanyiko wake uliofichwa, na kinachogeuzwa meshi kiwe nakala ya Shift+D. Kwa maoni yetu, nusu ya usumbufu wa kazi za aina hii hutokana na kugeuza mapema, kabla tahajia, nafasi na beveli hazijakubaliwa. Na kabla faili halijahamia kompyuta nyingine, nenda File, External Data, Pack Resources, fonti iingie ndani ya faili. La sivyo upande wa pili maandishi yatafunguka na fonti ya msingi ya Blender, na meshi zako zitakuwa hazifanani tena na chanzo chake.

Faili lile lilikuwa na Remesh pia, ya Voxel, inayojenga upya nyuso za umbo, kwenye kila herufi. Msanii alikuwa ameona pembetatu ndefu nyembamba usoni mwa herufi, akaambiwa na mtu kwamba ni "meshi mbaya". Uso bapa usiopinda hauhitaji meshi nzuri. Pembetatu zile ni tatizo pale tu herufi inapokunjwa kwa Simple Deform au kufuata mkunjo, kwani katikati ya uso hapana vipeo vya kuukunja. Hapa herufi zinashuka tu. Remesh ilikula beveli, ikalainisha pembe, ikaifanya laptopu ya GB 8 ihangaike kuzungusha tukio. Ikatolewa.

Dhahabu iliyogeuka kahawia

Rangi ilikuwa na hitilafu tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa kwenye rangi yenyewe.

Metallic ilikuwa 1.0 na Roughness 0.2, sawa kabisa. Lakini metali huonyesha kilichoizunguka, ikikitia tu rangi yake, na kilichoizunguka kilikuwa ulimwengu wa kijivu iliyokolea na taa moja. Dhahabu ikiakisi kijivu ni kahawia. Iliwekwa picha ya HDRI ya studio, ile inayolizungushia tukio mwanga na mazingira, kutoka Poly Haven, ambayo picha zake ni za leseni ya CC0, yaani huru kutumiwa, pamoja na taa mbili za Area, moja juu kushoto na nyingine chini kulia ya kuokoa ubavu.

La pili: tangu toleo la 4.0, Blender hufungua faili jipya ikiwa na AgX kwenye View Transform, mpangilio unaogeuza mwanga wa tukio kuwa rangi za skrini. Kwa mandhari ya nje ni nzuri sana. Kwa maandishi yenye rangi ambayo mteja ameichagua kwa namba, hupauka pale mwanga unapozidi, na njano ndiyo ya kwanza kuumia. Kwenye Render, Color Management, ikabadilishwa kuwa Standard, na taa zikapunguzwa kidogo kwa sababu Standard haina huruma na mwanga uliozidi.

La tatu ni madoa. Msanii alibonyeza Shade Smooth, na uso bapa wa mbele ukawa na vivuli vya ajabu vinavyotambaa kutoka pembeni, kwani programu ilikuwa ikipatanisha mwelekeo wa uso na ule wa beveli. Shade Auto Smooth kwa nyuzi 30, kisha modifaya ya Weighted Normal iliyo kwenye Face Area, uso mkubwa ukapewa kura kubwa na madoa yakaisha. Mpangilio wa modifaya ni huohuo, Weighted Normal iwe chini.

Ubavu ulipewa rangi yake, njano iliyokolea zaidi isiyo metali. Kuchagua nyuso zote za mbele huna haja ya kubofya mmoja mmoja: chagua uso mmoja, Shift+G, Normal, zote zinazotazama upande huo zinachaguliwa.

Kushuka

Runinga za Kenya hufuata fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 6 ni fremu 150. Kila herufi ilipangiwa fremu 18 za kushuka, na inayofuata ianze fremu 3 baadaye. Ya 13 inaanza fremu ya 37 na kutua ya 54. Zinabaki fremu 96, karibu sekunde 4 za kusoma, na kwa abiria aliyesimama akitazama skrini ndogo ya mbele ya gari muda huo si mwingi.

Jaribio la kwanza la mwendo lilitoa kichekesho: herufi zilitua lakini g na j zikawa zimeruka juu ya mstari, na ile alama ya ng' ikashuka katikati ya neno kama kistari. Msanii alikuwa amebonyeza Origin to Geometry kwa herufi zote, kitovu cha kila moja kikaenda katikati yake, halafu akanakili mwendo uleule wa Z (juu na chini) kwa zote. Programu ikatii: ikapanga vitovu vyote kwenye kimo kimoja. Katikati ya g iko chini ya katikati ya N, na katikati ya alama iko juu sana, hivyo kupanga vitovu ni kuvuruga mstari wa msingi.

Suluhisho linalotumika mara chache kuliko inavyostahili ni Delta, nafasi ya pili inayojumlishwa na Location. Simamisha maandishi kwa kuyazungusha nyuzi 90 kwenye X, tumia Apply Rotation, herufi zikiwa mahali pake sahihi chagua zote, kisha Object, Apply, Location to Deltas. Nafasi ya kila herufi inahamia kwenye Delta, na Location ya zote inasoma 0, 0, 0. Sasa mwendo mmoja wa Z kutoka 4 hadi 0 unafaa kwa kila herufi, na 0 maana yake ni "nyumbani kwako", popote palipo.

Kwa nini 4? Maandishi yana upana wa mita 7.2. Ili kuacha 10% kila upande, pikseli 192 kushoto na kulia kwenye picha ya 1920 kwa 1080, fremu inahitaji upana wa mita 9, ambao kimo chake ni mita 5.06. Kutoka katikati hadi ukingo wa juu ni 2.53. Herufi ikianza mita 4 juu, hata mkia wa j hauchungulii.

Mwendo huo mmoja uliunganishwa kwa herufi zote kwa Ctrl+L, Link Animation Data, kisha kila moja ikasukumwa kwenye NLA (dirisha la kupanga vipande vya mwendo) kwa Push Down. Vipande vya NLA vikapangwa vianze 1, 4, 7, hadi 37. Kwa kuwa vyote vinasoma mwendo mmoja, kurekebisha jinsi herufi inavyotua hufanyika mara moja na kuzifikia zote 13. Kwenye grafu, bonyeza T upate orodha ya mitindo ya mwendo. Bounce imechosha, na kwa herufi nzito hudunda kama mpira. Ilichaguliwa Back, inayopita kidogo na kurudi.

Mwanga wa kupita ulileta tatizo la jiometri. Taa ya Area ilipangwa isafiri kutoka kushoto kwenda kulia kati ya fremu ya 70 na 110, lakini badala ya kupita herufi kwa herufi, neno zima liliwaka kwa pamoja na kuzimika. Kamera ilikuwa na lenzi ya mm 85, na kwa sensa ya mm 36 inabidi ikae mita 21.25 ili kuona mita 9. Kutoka mbali hivyo, nyuso bapa za N na i ya mwisho hutazamwa kwa pembe zinazotofautiana nyuzi 19 tu, kwa hiyo huakisi karibu sehemu ileile ya mazingira. Lenzi ikabadilishwa kuwa mm 35, kamera ikasogea hadi mita 8.75, tofauti ikawa nyuzi 45, na Roughness ikapandishwa hadi 0.3. Mwanga ukatembea. Faida ya ziada: ubavu wa herufi za pembeni ukaonekana, na ndio unaomfanya mtu aamini kwamba herufi ni nene.

Kutoa picha

Usitoe MP4 moja kwa moja. Stima ikipotea kwenye fremu ya 140, faili la video lililokatika huwa halifunguki, na zote 140 zimekwenda. Toa PNG moja moja, zima Overwrite, washa Placeholders. Stima ikirudi, bonyeza Ctrl+F12 na kazi inaendelea pale ilipoachia. Jambo moja tu: picha iliyokuwa ikiandikwa wakati stima inapotea inaweza kubaki tupu, ukubwa wa baiti 0, na programu itairuka ikidhani ipo. Panga folda kwa ukubwa wa faili, futa zilizo tupu, ndipo uendelee.

Film, Transparent iliwashwa ili nyuma ya herufi pawe wazi, na rangi ikawekwa RGBA, inayohifadhi uwazi huo, kwani mhariri atayalaza maandishi juu ya picha za mitaa. H.264 haibebi uwazi, hivyo mhariri apewe PNG zenyewe. Kwa EEVEE, injini ya Blender ya kutoa picha kwa haraka, yenye Motion Blur, fremu moja ikichukua sekunde 40, fremu 150 ni saa 1 na dakika 40. Nakala ya kumwonyesha mteja hutolewa kwa ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video kwa amri:

ffmpeg -framerate 25 -i %04d.png -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -crf 18 onyesho.mp4

Ile yuv420p usiiache. Bila hiyo video hufunguka kwenye kompyuta yako na kukataa kwenye simu na skrini nyingi za bei nafuu, zikiwemo zinazofungwa kwenye magari.

Kisha, jioni ya siku ya pili, mteja aliandika kwamba iwe Ng'arisha Jiji Letu.

Herufi 4 zaidi, zote hazina nukta. Maandishi halisi yalitolewa mafichoni, neno likaongezwa, na upana ukavuka mita 9, yaani nje ya fremu. Kulikuwa na kupunguza ukubwa hadi 0.75 au kuvunja mistari miwili. Kupunguza kungelazimu beveli nayo ishuke hadi chini ya 0.014, ukingo usioonekana kwenye skrini ndogo, kwa hiyo ikavunjwa: Ng'arisha juu, Jiji Letu chini, Line Spacing 0.85. Hapo mkia wa g uliishia karibu na nukta ya i ya kwanza ya Jiji, na mstari wa chini ukasogezwa kulia kidogo ili mkia uangukie penye nafasi. Nakala, Convert, M kwa By Distance, P, nukta nne kwa Ctrl+J, Delta, kuunganisha mwendo, Push Down. Vipande vya NLA sasa vinaishia kuanza fremu ya 49, herufi ya 17 inatua ya 66, na taa ikacheleweshwa ianze 80. Lenzi, rangi na taa hazikuguswa, ila mwendo uliinuliwa kutoka 4 hadi 5, kwa kuwa mstari wa juu sasa una mwingine chini yake ambao nao lazima uanzie nje ya fremu.